Poketi Mani ya Chuo, Karibuni Kamati

Leo asubuhi, hata sigiri sijawasha, simu ikalia. Nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Hakuna aliyeniuliza, hakuna aliyebisha hodi. Nimejikuta ndani tu, mimi na Shangazi na fundi cherehani na namba moja ya Kenya ambayo picha yake ni ya ng'ombe. Kundi linaitwa "Harusi ya Mpendwa Wetu". Mpendwa yupi, hatajwi. Ujumbe wa kwanza wala si salamu, ni orodha ya ahadi. Jina langu lipo namba saba, na mbele yake pameachwa wazi pakisubiri tarakimu.

Hii ni harusi nyingine, jamani. Ile ya binamu bado haijaisha kunila.

Mimi ni kijana wa chapati, hapa Busia, upande wetu wa mpaka, Uganda, pale malori yanapopanga foleni. S.6, yaani kidato cha sita, nimemaliza, chuo kinafunguliwa Agosti, na mpaka Agosti nina kazi moja tu duniani: kukusanya poketi mani. Sisemi ada. Ada ni vita vya baba na ng'ombe wake. Hata ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, ukibahatika kuipata inakulipia ada na gharama za chuo. Chakula, chumba, sabuni, fotokopi, hayo ni siri yako na Mungu wako. Mzee jirani anapenda kunikumbusha kwamba enzi zake Chuo Kikuu cha Makerere serikali ilikuwa inawapa wanafunzi hela ya mfukoni. Ananikumbusha huku anakula rolex yangu, chapati iliyoviringishiwa mayai. Ya deni.

Daftari la madeni sitalizungumzia, nitalia. Niseme tu kwamba ndani yumo mwalimu aliyenifundisha uchumi.

Kuweka hela zenyewe nako ni shughuli. Nilianza na kibubu, kile cha mbao kilichopigiliwa misumari. Mama anakitikisa kila akifagia. Hasemi kitu. Anatikisa, anasikiliza, anaendelea kufagia. Jioni sukari imeisha.

Nikahamia mobaili mani, nikasema huko Mama hafagii. Huko anafagia mwingine. Mwaka 2018 serikali ilianza kwa kutaka asilimia moja ukituma, ukipokea na ukitoa. Watu wakapiga kelele mpaka ikashushwa kuwa nusu asilimia, tena kwenye kutoa peke yake. Nusu unaiona ndogo, sivyo? Toa laki nne uone. Elfu mbili imekwenda, na bado kampuni ya simu haijachukua chake. Elfu mbili ni rolex nzima. Mimi nakaanga, serikali inakula.

Lakini hao wote ni malaika. Kodi ina kiwango. Kamati ya harusi haina.

Jumapili, kwa ile harusi ya binamu, Shangazi aliniambia, "Njoo tu kikaoni uonekane, baba. Usitoe chochote." Nikaoga, nikavaa shati la mahafali. Kikao saa tisa, uwanjani nyuma ya baa moja. Nikafika saa tisa na dakika kumi, na kwa Uganda hiyo ni kuwahi kwa kutia aibu. Viti vilikuwa bado vimebebana. Mwenyekiti hayupo, mhazini hayupo, bwana harusi mwenyewe hayupo. Aliyekuwepo ni askari wa kikao, amesimama getini na kofia yake na filimbi ya kweli mdomoni. Akaipuliza.

"Umechelewa. Elfu tano."

"Lakini kikao hakijaanza, mkubwa."

"Ndiyo maana ni elfu tano. Kikianza ni kumi."

Sheria ya nchi ni sheria. Nikalipa. Wajumbe wakaja, mwenyekiti akafika saa kumi na nusu na viatu vyake vyeupe, katika vumbi hili letu, na hakutozwa hata senti. Dua ikasomwa. Katikati ya dua simu yangu ikatetemeka mfukoni, dereva wa lori anauliza kama chapati zipo. Filimbi. Kijana mmoja nyuma yangu akanong'ona kitu, nikacheka. Filimbi. Hiyo ilikuwa faini ya kucheka bila idhini ya kiti.

Ukafika utambulisho. Kila mjumbe anasimama, anataja jina, undugu wake na ahadi yake. Nikajiandaa kusema jina na undugu, nikae. Kabla sijafungua mdomo Shangazi yuko wima.

"Ndugu mwenyekiti, huyu ni kijana wetu. Mwanachuo!"

Makofi. Mwenyekiti akavua miwani. "Mwanachuo! Basi huyu hawezi kuahidi sawa na sisi wakulima."

Nikaona nitumie heshima. Nikafunga kifungo cha shati, nikakohoa kidogo, nikasema, "Ndugu mwenyekiti, ndugu wajumbe wa kamati, naomba kurekebisha kumbukumbu za kikao. Mimi chuo sijaingia bado, ni mtarajiwa. Kwa wakati huu ni mfanyabiashara mdogo katika sekta ya unga wa ngano."

"Mfanyabiashara!" Makofi mara mbili ya yale ya kwanza. Katibu akafuta jina langu kwenye safu ya wanafunzi, akaliandika kwenye safu ya wafanyabiashara. Safu hiyo ilikuwa na kiwango cha chini. Sitakitaja, Mama anasoma simu yangu.

Bajeti ikasomwa. Keki, mapambo, gari la bibi harusi, gari la kufuata gari la bibi harusi. Mwishoni kukawa na "mengineyo", laki nane. Nikauliza kwa adabu zote mengineyo ni nini. Filimbi. Kuvuruga ajenda.

Halafu ukaja mnada. Mwenyekiti aliinua chupa ya maji ya nusu lita, ile inayouzwa elfu moja dukani, akasema maji haya si maji, haya ni baraka, na baraka zinaanzia elfu kumi. Kumi ikasemwa, kumi na tano, ishirini. Mimi nimekunja mikono, natazama mbali. Shangazi akaushika mkono wangu wa kulia. Nilidhani ananishika kwa upendo. Akauinua.

"Elfu ishirini na tano, mfanyabiashara wetu!"

Nikayanywa yote pale pale nikiwa nimesimama, yalikuwa ya moto, yana ladha ya plastiki. Nilipomaliza askari akaja kunidai chupa. Chupa nayo ilikuwa na mnada wake.

Na nani anaoa? Anaoa binamu ambaye tangu Januari hajalipa rolex hata moja! Mimi nageuza chapati kwa vidole vitupu, ncha hazisikii tena moto, mkono wote huu una vidoadoa vya mafuta kutoka kiwiko mpaka kifundo. Bei ya unga ikipanda, wateja wanataka chapati ile ile, kubwa ile ile, kwa bei ile ile. Nasimama juani kwa sababu mwavuli ni gharama. Halafu hela hiyo iliwe Jumamosi moja, watu wapige picha na keki, waende zao. Siku nitakapokuwa Kampala sina hata ya sabuni, nani ataitisha kikao? Nani atapuliza filimbi? Mtu akioa mna katibu, mna mhazini, mna kamati ndogo ya vinywaji. Mtu akienda kusoma mna "Mungu akutangulie, mwanangu". Basi na mimi nitaunda kamati. Nataka mwenyekiti mwenye viatu vyeupe. Nataka Shangazi atozwe faini ya kuwahi. Kibubu nitakipiga mnada kikiwa kitupu, na bajeti yangu yote, juu mpaka chini, itakuwa mengineyo.

Mama anasema nina hasira kwa sababu sijala. Ni kweli sijala, nauza.

Yeye sasa wasiwasi wake ni sanduku. Ameamua niende chuoni na sanduku langu la bati la S.1, lile tulilokuwa tukijazia fagio, karatasi za chooni na rimu ya karatasi za shule. Kitasa kimeliwa na kutu. Kwenye kifuniko kuna jina langu kwa rangi nyeupe, na chini yake "S.1 B", kubwa, lisomeke hata ukiwa Kenya. Niingie nalo basi la Kampala, nikae nalo kilomita kama mia mbili, tukifika Namawojjolo wauza kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, waninyooshee vijiti dirishani wakisoma S.1 B, halafu nishuke nalo mbele ya watoto wa watu wenye mabegi ya magurudumu. Nimekataa. Mama amesema begi la magurudumu linunuliwe kwa hela ya nani. Nikanyamaza, maana alikuwa anatazama kibubu.

Kwa hiyo mchana nimelipeleka kwa fundi rangi. Kufuta maandishi anataka elfu tano. Kuandika "Makerere" anataka elfu nane, kila herufi elfu yake. Nikamwambia basi andika MUK, herufi tatu. Akasema vifupisho ni bei nyingine, vinahitaji akili.