Kiwanda cha korosho kifanye nini mwezi wa sita?

Korosho za Mtwara na Lindi huanza kuvunwa Oktoba, na ikifika Februari minada imeshapoa. Mbanguaji aliyejaza ghala anaendelea miezi kadhaa. Asiye na mtaji wa kununua kwa mkupuo anafunga geti. Mashine zinalala, riba ya benki hailali. Halafu mwezi wa sita ufuta unamiminika maghalani, na mbaazi zinafuata. Hapo ndipo hoja ya kiwanda nyumbufu, kinachohama kutoka zao moja kwenda jingine, inapopata nguvu.

Wazo hilo lilitoka kwenye karakana za vyuma. Miaka ya 1960 kampuni ya Molins ya Uingereza ilibuni System 24, mashine zilizoongozwa na kompyuta ili zichonge vipuri vya aina tofauti usiku na mchana. Chuma, lakini, hakina msimu.

Historia ya kusini inatumiwa na pande zote mbili. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vikubwa vya korosho kwa mikopo, vikiwa na mitambo ya Italia na Japani. Mavuno yaliyokuwa takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 yakaporomoka hadi chini ya tani 20,000 miaka ya 1980, na viwanda vingi vikafungwa. Wapo wasemao vingekuwa na kazi ya pili vingepona. Wengine wanajibu kwamba mitambo ya zao moja tu ilitushinda vipuri, sembuse ya mazao matatu.

Mimi naegemea kwa hawa wa pili, ila si moja kwa moja. Mashine ya kukata ganda la korosho haina kazi nyingine. Ganda lenyewe lina mafuta yanayounguza ngozi, ndiyo maana wanaobangua kwa mkono hupaka majivu viganjani. Ufuta haupiti hapo. Hata ukipita kwenye meza za kufungashia tu, sheria za Ulaya zinataka ufuta na korosho vyote vitajwe kwenye lebo kwa sababu ya mzio, kwa hiyo kila mabadiliko ya zao ni siku za kuosha na kukagua. Siku hizo hakuna kinachouzwa, na mishahara iko palepale.

Unyumbufu wenye faida uko ndani ya korosho yenyewe. Kisu kilichotegwa kwa korosho kubwa kinaziacha ndogo bila kupasuka, na cha ndogo kinazisaga kubwa, na vipande haviuzwi bei ya korosho nzima. Mashine ndogo nne zilizotegwa kwa saizi nne, baada ya chekeche zuri, naona zina maana kuliko dubwana moja: moja ikiharibika tatu zinafanya kazi, na mzigo ukipungua unazima mbili. Wauza mashine hawapendi hesabu hii.

Ufuta upewe banda lake, na mashine ya kupepeta na kutoa mawe, ambayo si ghali kama ya kubangua. Vinavyoshirikiwa viwe mizani, jenereta, karani, fundi na lori. Kabla ya kusaini mkopo, mwenye kiwanda apige hesabu ya wiki kwa wiki kuanzia Machi hadi Septemba. Kama faida ya ufuta hailipi mishahara ya wiki hizo, afunge geti mwezi wa sita na kuwapa mafundi muda wa kunoa visu na kusafisha boila.