Mwanafunzi wa udaktari kutoka ng'ambo na nesi anayemtafsiria

Wanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya huja Tanzania kwa wiki kadhaa za mafunzo kwa vitendo. Wapo wanaofika Dodoma mjini, na wengine huenda Mvumi, wilayani Chamwino, kwenye hospitali ya Kanisa Anglikana. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Kwao mwanafunzi amezoea picha za CT, zile za mashine inayoonyesha ndani ya mwili. Hapa hujifunza kutegemea mikono na masikio yake. Akifika Kongwa, huenda akamkuta mzee aliyepofushwa na vikope, ugonjwa unaozuilika kwa kunawa uso na kwa dawa, na hapo akaelewa shida ya maji inavyofika mpaka jichoni. Ada anayolipa nayo huisaidia hospitali.

Hayo nayakubali. Lakini itazameni raundi ya asubuhi. Bibi anaeleza maumivu yake kwa Kigogo, lugha ya Wagogo wa Dodoma. Mgeni anajua Kiingereza na salamu mbili tatu za Kiswahili. Anayesimama kati yao ni nesi, huyo huyo anayetegemewa na wodi nzima. Dakika 20 za kutafsiri ni dakika 20 ambazo dripu ya mgonjwa mwingine haijatazamwa, na gharama hiyo haimo kwenye risiti yoyote.

Lipo pia suala la ridhaa. Kwa wazee wetu, aliyevaa koti jeupe ni daktari, basi. Bibi yule hatauliza kama huyu amehitimu. Kwa hiyo asichoruhusiwa mwanafunzi kukifanya kwao, asikifanye hapa, hata kama wodi imeelemewa.

Ningependa kila mgeni aambatanishwe na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwenyeji amhoji mgonjwa, mgeni aulize kupitia kwake, nesi abaki na kazi yake. Wenyeji wengine hutoka mikoa ya mbali na Kigogo hawakijui, ila Kiswahili kitawafikisha mbali kuliko Kiingereza.

Atakayepinga atasema mwenyeji anageuzwa mkalimani wa bure. Ni kweli, kama safari itabaki ya upande mmoja. Kijana wa Dodoma anayetaka kwenda kujifunza London anakutana na viza, nauli na ada ambazo mzazi mkulima wa Bahi hazimudu. Chuo kinacholeta wanafunzi 10 hapa kimpokee angalau 1 wetu, na tiketi ya ndege kilipe chenyewe.