Ukitoka Dar Kwenda KIA, Kaa Kulia

Mama yangu amezaliwa Marangu na ameishi chini ya Mlima Kilimanjaro mpaka alipoolewa. Alipopanda ndege kwa mara ya kwanza alikuwa na miaka 68. Nilimkatia tiketi ya Dar kwenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, nikahakikisha amepata dirisha. Kumbe nilikosea upande. Tulipokaribia kutua, rubani akatangaza kuwa mlima unaonekana vizuri kulia. Abiria wa kulia wakatoa simu zao. Mama akageuza shingo, akaona migongo ya watu. Kwenye dirisha lake kulikuwa na nyika ya Simanjiro, kavu, haina mwisho. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo mlima uko kule?"

Swali lile halijanitoka. Unapokata tiketi unaulizwa kama unataka dirisha au ujia. Hakuna anayekuambia mlima uko wapi. Hiyo ni kazi yako, na inataka ramani na dakika mbili tu. Ndege ya Dar kwenda KIA huelekea kaskazini-magharibi, na karibu kila cha kutazama kinabaki kulia: Usambara, Pare, bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu Kilimanjaro wenyewe. Kushoto utapata Meru mwishoni, mita 4,566, mlima mzuri sana, lakini mgeni wa mara ya kwanza simpeleki huko. Ukirudi Dar, kaa kushoto. Nairobi kwenda Dar ni kulia, Mombasa kwenda Nairobi ni kushoto.

Bawa nalo lina lake. Ndege za pangaboi nyingi tunazopanda humu nchini zina bawa juu ya madirisha, kwa hiyo ardhi unaiona yote, ila ukikaa katikati injini inakuziba. Za jeti, bawa liko chini ya dirisha. Kaa mbele kabisa au nyuma kabisa. Na panda ndege ya alfajiri ukiweza. Kufika saa nne au saa tano asubuhi, mara nyingi mawingu yameshaupanda mlima, na hapo hata kiti kizuri hakikusaidii.

Ninalisisitiza hili kwa sababu barafu ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, inakwisha. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 yake imeshapotea. Kilele cha mita 5,895 kitabaki palepale, lakini weupe ule ambao mama alikuwa akiuona akienda kuchota maji, wajukuu wake huenda wasiukute. Ndiyo maana naumia nikimwona mtu ameshika dirisha la kulia, ameshusha kifuniko, amelala. Ana haki ya kulala. Basi abadilishane kiti na mtu anayetaka kuona. Mimi siku hizi naomba, na sijawahi kunyimwa.

Wiki moja baadaye tulirudi Dar. Kaunta niliomba viti vya kushoto kabla hata sijasalimia vizuri. Ndege ilipopanda, mama aliweka paji la uso kwenye kioo. Kibo huyo, mviringo na mweupe juu. Pembeni Mawenzi, kilele cha pili, amechongoka kama meno yaliyovunjika. Akaanza kunisimulia kile kisa alichotusimulia tukiwa wadogo: Mawenzi alikuwa akiacha moto wake uzimike, kila mara anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, mpaka Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi.

"Ona alivyomfanya," mama alisema, kidole kiko kwenye kioo.

Ng'ambo ya ujia kulikuwa na binti amenyoosha shingo, anatafuta upenyo. Mama alimwona kabla yangu. Akaegemea nyuma, akanigusa mkono. "Hebu rudi nyuma kidogo, baba, mwenzako naye aone."