Shuka jekundu, shavu la maji ya kunde: lini uiondoe rangi kwenye picha ya mtu

Naziona picha nyingi mno za sura za watu zilizogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe kwa sababu tu rangi ilimshinda aliyezipiga. Ngozi imetoka kijani chini ya migomba ya Machame, au taa ya dukani imegombana na mwanga wa dirisha, basi mtu anafuta rangi yote na kusema picha imependeza. Kwangu mimi hilo si chaguo, ni kukimbia. Nyeusi na nyeupe iamuliwe kabla ya kubonyeza, na kwa ngozi zetu rangi ndiyo ianze kufikiriwa. Lugha yetu inamjua mweusi tii na inamjua mtu wa maji ya kunde. Baba na mtoto waliokaa benchi moja wanaweza kupishana hivyo, na familia itaitafuta tofauti hiyo kwenye picha.

Chukua mfano wa mzee aliyejifunga shuka jekundu, anakaa kupigwa picha pale Ngaramtoni. Kwa macho, shuka linawaka na uso unajitokeza vizuri kabisa. Sasa fanya hesabu ya kawaida ya kugeuza rangi kuwa kijivu: asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani, 11 ya bluu. Kwa kipimo cha 0 hadi 255, shavu lenye nyekundu 115, kijani 75 na bluu 55 linatoa kijivu cha 85. Shuka lenye nyekundu 190, kijani 35 na bluu 45 linatoa 83. Ni karibu kijivu kilekile! Kidevu kinazama kwenye nguo, na kilichokuwa roho ya picha kimekuwa uji. Rangi mbili zinazotofautiana sana si lazima zitofautiane kwa mwanga, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Dawa ipo, ila ina gharama. Kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, ukishageuza unapata slaida nane za rangi, yaani vitufe vya kusogeza vya kung'arisha au kufifisha kila rangi. Shusha nyekundu hadi kama -30, pandisha ya chungwa +10 au +15, na uso utajitenga na shuka. Lakini midomo nayo iko kwenye nyekundu, kwa hiyo itakuwa mieusi kama iliyopakwa wino, na alama za chunusi zitakolea. Rudisha midomo kwa brashi ya programu, inayogusa sehemu unayoipaka tu, polepole. Ukiona unalazimika kuvuka 40 upande wowote, acha, kwa sababu punje, zile chembechembe za kuharibu picha, zinaanza kutambaa mashavuni na ukingo wa sikio unapata mstari mweupe. Kwa faili la JPEG, lenye ngazi 256 tu kwa kila rangi, uharibifu huo unakuja mapema zaidi. RAW, yaani faili ghafi la kamera, ya biti 14 ina ngazi 16,384, ndiyo maana inavumilia.

Hiyo slaida ya chungwa ina hatari nyingine ambayo lazima isemwe. Ngozi yetu karibu yote inakaa humo. Ukiipeleka +60, mweusi tii anakuwa mweupe kwa sekunde moja. Kwenye picha ya rangi kila mtu angeliona hilo na kulalamika, lakini kwenye nyeusi na nyeupe linapita kimyakimya. Huko ni kumchubua mtu bila ruhusa yake. Weka picha ya rangi pembeni, linganisha shavu kwa shavu, na kama weusi wake umeondoka, urudishe.

Kuna jambo la huku kwetu pia. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floridi nyingi, na watu wengi wana madoa ya kahawia kwenye meno. Wapo wanaoomba nyeusi na nyeupe wakidhani itayaficha. Inafanya kinyume. Umanjano mwepesi utaondoka ukipandisha slaida ya njano, lakini kahawia iko kwenye chungwa pamoja na ngozi, hivyo doa linageuka kijivu kizito na kwa mbali linaonekana kama pengo. Acha rangi, paka brashi kwenye meno peke yake, punguza ukolezo wa rangi kwa 30 hivi na ongeza mwanga kidogo tu. Meno yabaki ya mtu, yasiwe ya bandia.

Nyeusi na nyeupe inanipendeza pale mwanga unapokuwa na upande. Mkalishe bibi mita moja ndani ya mlango ulio wazi, uso ugeuke nusu kuelekea nje, na mikunjo yote itaongea. Asubuhi ya Julai, Arusha ikiwa imefunikwa na mawingu, mwanga unatoka kila upande kwa usawa, na hapo ukifuta rangi unabaki na uso bapa. Siku kama hiyo ni ya vitenge na sare za sendoff. Jua la saa sita mchana, linalosimama karibu utosini, linachimba mashimo chini ya nyusi, na hakuna slaida itakayoyafukia.

Kuhusu ule ukijani wa migombani: piga kwanza kadi ya kijivu mahali palepale alipokaa mtu, uitumie kusawazisha rangi baadaye. Kwenye kompyuta, ngozi iliyo sawa huwa na nyekundu juu, kijani katikati, bluu chini. Kijani kikiifikia nyekundu, ongeza majenta kwa brashi usoni pekee, maana ukiongeza picha nzima shati jeupe litakuwa la waridi. Kama shavu moja lina kijani na la pili lina njano ya taa, na picha haiwezi kurudiwa, hapo nakubali rangi ifutwe.

Kamera nyingi zinakuruhusu kupiga RAW huku kioo kikionyesha nyeusi na nyeupe, na rangi inabaki salama ndani ya faili. Tumia hilo kuamua ukiwa bado na mtu mbele yako. Pima mwanga shavuni, si kwenye shela. Kamera ikiona shela jeupe limejaa fremu inapunguza mwanga, uso wa bibi harusi unazama, na ukiuinua baadaye unapata punje.

Kwenye kusafisha picha, karatasi ya rangi inaweza kukipa kijivu chako ukijani au uzambarau. Omba kwanza nakala ya inchi 4 kwa 6, itazame mlangoni kwa mwanga wa mchana, kisha chini ya taa ya sebuleni itakapotundikwa. Shavu likibadilika rangi, mwambie fundi arekebishe kabla hujalipia ile ya inchi 20 kwa 30.