Maneno ya Nyumbani na Kidonda cha Mgonjwa

Baba yangu alipopata kidonda cha kisukari kwenye unyayo, mama ndiye aliyekisafisha kila jioni kwa miezi kadhaa, akifuata maelekezo ya muuguzi bila kuruka hata hatua moja. Sidai kwamba mapenzi ndiyo yaliyokifunga kidonda kile, kwa maana kilifungwa na dawa, usafi na sukari iliyodhibitiwa. Lakini mama ndiye aliyehakikisha kwamba vidonge vinamezwa kwa saa zake na kwamba mzee hatembei pekupeku, na ni yeye aliyekataa kumwacha ajifungie chumbani kwa aibu ya harufu, wakati sisi watoto tulikuwa tumeanza kuona dalili za sonona machoni pake.

Miaka mingi baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na timu ya Janice Kiecolt-Glaser, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio nchini Marekani. Wanandoa 42 walilazwa kwa saa 24, mara mbili, na kila mara walitiwa malengelenge madogo mkononi kwa kifaa cha kufyonza ngozi. Mara ya kwanza waliombwa wazungumze kwa kutiana moyo, na mara ya pili wajadili jambo wanalogombania. Malengelenge ya mara ya pili yalichelewa kupona. Kwa wanandoa ambao mazungumzo yao yalijaa uadui, kasi ya kupona ilikuwa asilimia 60 tu ya kasi ya wale wenye uadui mdogo. Asubuhi baada ya ugomvi, damu yao ilionyesha ongezeko kubwa zaidi la protini zinazochochea uvimbe mwilini, hali ambayo ikidumu huhusishwa na maradhi ya moyo na kisukari, ilhali pale kwenye jeraha, mahali ambapo protini za namna hiyo zinahitajika, zilikuwa pungufu.

Kwangu mimi, jambo zito katika utafiti huo ni kwamba wote walikuwa wameoana. Kilichowatofautisha ni namna wanavyosemezana. Ndiyo maana hunisikitisha sana kusikia bibi harusi akifundwa kwa neno moja tu, “vumilia”, kana kwamba mwili wake hautadaiwa chochote kwa miaka ya matusi na kununiana. Kwa nini bwana harusi naye asiwekwe chini na wazee wake akafundishwa jinsi ya kugombana bila kudhalilisha? Ugomvi haukwepeki katika nyumba yoyote, na hata wazazi wangu waligombana, lakini sikuwahi kumsikia mmoja wao akimtweza mwenzake.

Wala sisemi kwamba asiye na mwenzi amekosa kinga hiyo. Mwaka 2010, Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 300,000, wakakuta kwamba wenye uhusiano imara na watu wengine walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa asilimia 50, katika muda waliofuatiliwa. Uhusiano uliopimwa humo ulijumuisha familia, marafiki na jamii kwa upana wake. Katika matibabu ya kifua kikuu hapa Tanzania jambo hili limekwisha kutambuliwa, kwani mgonjwa anaweza kumchagua mtu wa karibu wa kumsimamia anapomeza dawa nyumbani kwa miezi yote ya tiba, naye anaweza kuwa ndugu au jirani.

Natamani utaratibu wa namna hiyo uwafikie wagonjwa wa presha na kisukari pia. Mzee anapofika kliniki peke yake, akapimwa na kuandikiwa dawa, aulizwe pia anaishi na nani na wanaongeaje, na jibu lake liandikwe kwenye daftari lake pamoja na kiwango cha sukari.