Mguu wa mkwe darini

Asee naandika hii nimekaa kwa tako moja maana paja la kulia bado halijakaa sawa, na kabla hamjaanza kunicheka nataka mjue kwamba kosa ni la jua.

Nilihamia kwangu huku Ipuli, Tabora, mwezi wa tano. Nyumba ya chuma, yaani nguzo skwea paipu, kenchi chuma, papi (zile fito zinazobeba bati) chuma, tofali za kuchoma zimejazia tu katikati. Watu walinisema sana. Jirani mmoja akaniambia watu wanatoka Dar kuja kufuata mninga huku kwetu, wewe uliyezaliwa kwenye mninga unajijengea kama stoo ya tumbaku. Nikamwambia mzee wangu aliezekea mbao za bei chee, mchwa wakala kenchi nzima kimyakimya wakabakisha rangi, sasa mimi nataka nione mchwa atakayetafuna chuma. Nilikuwa najisikia mjanja balaa.

Wiki ya kwanza tu, usiku, KAA! Juu ya bati. Halafu kaa, kaa, ko, ko, ko, ti. Kama mtu anatembea, anasimama kusikiliza, anaendelea. Unatoka nje na tochi, hakuna mtu. Unarudi kulala, KAA!

Mke wangu akasema ni mwizi. Mimi kwa sababu ni mtu wa mahesabu nikachukua daftari la mtoto nikaanza kuandika muda. Nikagundua huyu mwizi anafika saa moja jioni jua likishazama, anatembea sana hadi kama saa tatu nne, usiku wa manane anapunguza, alfajiri kimya, halafu saa mbili asubuhi anarudi tena kwa nguvu. Kuna siku moja mawingu yalitanda kutwa nzima, siku hiyo hakuja kabisa. Nikamwonyesha mke wangu daftari, nikamuuliza mwizi gani anakuja saa mbili asubuhi watu wakiwa wanakunywa chai? Akalisoma, akanirudishia, akasema, "Huyo kaajiriwa." Tukaacha hivyo.

Mwezi wa nane mama mkwe akaja kututembelea kutoka Nzega, na kiroba cha michembe na karanga. Sasa kwa msiojua, kwetu sisi mkwe ni mkwe. Hamkai benchi moja, humwangalii usoni, mkikutana njiani mmoja anapinda kona. Mimi na mama mkwe wangu miaka tisa tunaongea kupitia mke wangu, hata kama tuko chumba kimoja. Na mwezi wa nane huku ndo mchana jua linachoma, usiku baridi unatafuta blanketi, kwa hiyo huyo mwizi wetu alikuwa kwenye msimu wake. Asubuhi ya pili nikamsikia mama anamwambia mke wangu, kwa sauti ya kunifikia mimi, "Mwambie baba, juu ya chumba nilicholala kuna mtu." Hapo heshima yangu ikaguswa. Mkwe halali kwako kwa hofu.

Usiku ule kama saa tatu na nusu, watu wameshaingia vyumbani, nikachukua rungu, simu nikaibana mdomoni imewashwa tochi, nikapandia kile kitundu cha darini pale koridoni. Nilikuwa nimevaa bukta tu. Bukta yenyewe ya zamani, ya timu, mpira wa kiunoni umeshachoka. Kumbukeni hiyo bukta.

Darini unakanyaga vyuma tu, jipsamu haibebi mtu, hilo nalijua, mtoto mdogo analijua. Nikaenda taratibu, chuma hadi chuma, hadi usawa wa chumba cha mgeni. Nikatulia. Kimya. Nikaona vumbi, waya wa umeme, kiatu kimoja cha fundi (kingine sijui alirudi nacho vipi). Nikaanza kugeuka nirudi, ndo bati la karibu na sikio langu likapiga KAAA! Wallahi niliruka. Rungu likaenda kwake, simu ikaenda kwake, na mguu wa kulia ukapita kwenye jipsamu kama kijiko kwenye uji, mzima, hadi kwenye nyonga. Mguu wa kushoto umebaki darini umekunjwa. Bukta imebaki juu imenasa kwenye ncha ya skrubu.

Chini yangu kukawa kimya sekunde mbili hivi. Halafu mama mkwe akapiga mwano. Kama hujawahi kusikia mwano wa mama wa Kinyamwezi, ni ile sauti ambayo mtu wa mtaa wa nne anaamka tayari kashika fimbo. Na wala hakukimbia! Alipanda kitandani akaukamata mguu wangu kwa mikono miwili, akachukua khanga akaufunga kwenye fremu ya neti, huku anapiga mwano, na kila akipumzika ananichapa na kandambili kwenye nyayo.

Sasa mimi pale juu nina maamuzi mawili. Nikisema "mama ni mimi", mama mkwe atajua ameshika paja la mkwewe, uchi. Nikinyamaza, nitapigwa kama mwizi. Wanangu, nilinyamaza.

Sungusungu zilianzia huku kwetu Unyamwezini na Usukumani miaka ile ya 1980, na naweza kuwathibitishia bado ziko fiti. Dakika tano nyumba imejaa. Wenye marungu, wenye mapanga, mmoja kaja na upinde. Wakaingia chumbani wakauzunguka mguu. Mmoja akashauri upigwe kwanza halafu mwenyewe ahojiwe. Ndo mke wangu akapenya katikati, akamulika na tochi, akakiangalia kile kidole changu gumba kisicho na kucha, akasema polepole, "Jamani, huu mguu naujua."

Mama mkwe aliachia kandambili, akajifunika uso, akatoka nje mbio bila kuangalia nyuma.

Waliponishusha nikakuta khanga yenyewe imeandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone. Naapa sitanii.

Sasa wakati nimevishwa shuka, kundi zima linanicheka, bati likapiga tena KAA, ko, ko, ko. Watu wakaruka, yule wa upinde kauangusha. Mzee mmoja jirani, mstaafu wa reli, ndo alicheka hadi akakaa chini. Akaniuliza, "We umezaliwa mji wa reli hujui chuma kinatembea?" Akasema reli ilifika hapa Tabora 1912, Kigoma 1914, na tangu enzi za Mjerumani kati ya kipande na kipande walikuwa wanaacha kinafasi, la sivyo jua la saa nane linaipinda reli kama nyoka. Ile tikitaka tikitaka unayoisikia ukipanda treni ya zamani ndo hizo nafasi. Sasa wewe fundi wako kakaza skrubu zote mwisho, bati limekaa chuma kwa chuma, litapumulia wapi?

Kesho yake akanipigia hesabu na kijiti chini. Chuma cha mita moja kikipanda joto digrii moja kinarefuka milimita 0.012. Bati la mita sita, tofauti ya digrii arobaini kati ya mchana na usiku, inakuja karibu milimita tatu. Ukisikia unaona si kitu, lakini bati linataka kusinyaa, skrubu imelishika, linavumilia, linavumilia, halafu linaachia kwa mkupuo, na likiachia hili linafuata la pembeni. Ndo hizo hatua za mtu. Asubuhi jua likilipiga, kazi inaanza upya upande wa kurefuka.

Fundi amerudi kalegeza skrubu, kaweka washa za raba, na katikati ya papi na bati kalaza vipande vya tyubu za baiskeli. Kelele imepungua kama nusu hivi. Kuziba lile tundu hakupata jipsamu ya rangi ileile, kwa hiyo ukiingia chumba cha mgeni unaona kiraka chenye umbo la paja.

Wazee wamekaa wakaamua nitoe mbuzi mmoja na doti ya khanga kufuta aibu. Mbuzi nilinunua juzi, nikamfunga uani asubuhi apelekwe Nzega. Saa mbili jua likatoka, bati likapiga KAA moja ya nguvu, mbuzi kakata kamba, hadi sasa naandika hapa bado tunamtafuta.