Wazee walipoambiwa wakae nyumbani wapumzike

Korona ilipothibitishwa Zanzibar Machi 2020, sisi wazee tulipewa agizo lililosikika tamu: kaeni nyumbani. Lilikuja redioni, likaja kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, likaja kwa watoto wetu walioko Unguja na Dar es Salaam, kila mmoja kwa simu yake. Mama, usitoke. Bibi, pumzika. Nia ilikuwa njema, sina shaka. Lakini aliyetunga nasaha ile nadhani hajapata kukuna nazi za futari ya nyumba iliyojaa watu. Kwa mwanamme mstaafu, nyumbani ni pahala pa kurudi akitoka barazani. Kwangu mimi, niliyesomesha skuli mpaka nikatimiza umri wa kustaafu, nyumbani ni kazini, na kazi yenyewe haina kiinua mgongo wala likizo.

Tazama ilivyokuwa hapa kwetu Wete, na najua haikuwa kwetu tu. Skuli zilifungwa Machi ileile, wajukuu wakaletwa Pemba kwa sababu kwa bibi kuna uwanja na hewa. Watalii wakapotea, ndege za kimataifa zikasimamishwa Aprili hadi katikati ya Mei, hoteli za kaskazini Unguja zikafunga milango. Kitinda mimba wangu, anayefanya kazi kwenye moja ya hoteli hizo, akateremka bandarini Mkoani na begi lake, mke na mtoto. Mwishoni mwa Aprili ukaandama mwezi wa Ramadhani. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ukiwaelemea wazee zaidi, na kila mtu alilijua hilo. Na bado waliotoka mijini na kwenye mahoteli wote walihamia kwa wazee, tena kwa mapenzi kabisa.

Pesa nayo ilizunguka kinyume. Vijana walizoea kututumia sisi. Sasa pensheni yangu ya ualimu ikawa ndiyo mshahara wa nyumba. Jirani yangu, bibi mtu mzima kuliko mimi, hakuwahi kuajiriwa. Yeye hupata pensheni jamii, ile ambayo tangu 2016 Serikali ya Mapinduzi humlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70. Wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni pesa ya sabuni, sukari na dawa za maumivu ya magoti, na anaishukuru. Mwaka ule iligeuka ya unga wa ngano na maziwa ya mjukuu.

Silalamikii chakula. Mtoto akikwama hurudi kwao, arudi wapi pengine? Ninalolisema ni la mikono.

Mlangoni tuliweka ndoo yenye bomba, kama ilivyoagizwa, na kipande cha sabuni ndani ya wavu wa kitunguu uliofungwa kwenye msumari. Kila aingiaye ananawa. Watoto walikuwa wakinawa hata mara ambazo hazikuhitajika, kwa ajili ya mchezo. Jioni ndoo tupu. Maji ya bomba kwetu hayaji kila saa, kwa hiyo kuijaza ni kubeba dumu kutoka kwenye pipa la uani. Nyumba ilikuwa na vijana wenye mabega, na aliyekuwa akibeba dumu ni yule aliyewekewa ndoo ili alindwe.

Sasa huyu mwanangu. Kule hotelini alikuwa mtu wa vyumba. Siku moja, kuwachekesha watoto, alichukua taulo mbili za kuogea akazikunja, akapinda huku, akabana kule, wakatokea ndege wawili wenye shingo ndefu wanaotazamana, kama wale wanaowekewa wageni kitandani. Watoto walishangilia. Hata babu yao alisimama mlangoni kutazama. Halafu fundi akaenda kulala, akaacha shuka lake limejiviringa miguuni, na kikombe chake cha chai chini ya kitanda.

Hapo ndipo nilipomwita. Nikamwambia, mwanangu, kumbe kazi unaijua, tena kunishinda. Akacheka, akasema, "Kule nalipwa, mama." Jibu la kweli, na sikulikasirikia. Ila nikamuuliza hapa analala bure kwa pensheni ya nani. Tangu siku ile vyumba vyote vikawa vyake, ndoo ikawa ya babu yao na wajukuu wakubwa, nazi zikawa za zamu. Babu mtu alinung'unika kwamba majirani wataona. Nikamwambia waone, barazani kwenyewe hakukuwa na mtu, watu walikuwa wakiogopana.

Watu wa Pemba hatuna udhuru wa kusema kazi hizi ni za wanawake. Msimu wa karafuu tunafanyaje? Zikishuka kutoka shamba, nyumba nzima hukaa kitako juu ya jamvi usiku kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Baba yumo, mkwe yumo, mtoto wa skuli yumo na usingizi wake, na hakuna anayeuliza ni kazi ya nani, kwa sababu zikilala zimelundikwa huchacha, na asubuhi lazima zianikwe. Sufuria la wali nalo huchacha. Tofauti ni kwamba karafuu inanunuliwa na sufuria hainunuliwi, na hilo ndilo ninalogombana nalo.

Kuna wanaosema kazi ndiyo dawa ya mzee, akikaa bure ataganda. Nakubali, nusu yake. Mwaka ule, nisingekuwa na la kufanya zaidi ya kusikiliza habari za maradhi, ningeugua kwa hofu tu. Lakini kazi anayoichagua mzee si sawa na ile inayomwangukia kwa kuwa wengine wamejinyamazia. Ugonjwa mwingine ukija, na Mungu atuepushie, ningependa wale wa Wizara ya Afya wakitangaza wazee wakae nyumbani, waongeze maneno machache kwa vijana: jazeni ndoo, fueni nguo za mgonjwa nyinyi, pikeni nyinyi. Hayo nayo ni kinga, kama barakoa.

Mimi nimejibakishia uwanja. Nikimaliza Alfajiri huchukua ufagio wangu wa chelewa, nikaanza chini ya mwembe kurudi mlangoni, kabla kuku hawajatawanyika. Mkwe wangu aliwahi kunionea huruma akataka kunipokea. Nikamwambia aende akaangalie uji, ufagio huu simpi mtu.